Mpe Mbwa Dume Wako Jina Linaloitika

Mtu akileta nyumbani mbwa dume mdogo hapa Wampembe, huulizwa maswali mawili kabla hata hajamtafutia pa kulala: umemtoa wapi, na anaitwa nani? La kwanza hujibiwa upesi. La pili wengi hulimaliza kwa kutamka jina la kwanza linalowajia mdomoni: Simba, Bobi, Jeki, Popi, Tomi. Wiki mbili baadaye jina limeshaganda, na mbwa huyo atalibeba miaka kumi au zaidi, Mungu akimjalia.

Naandika makala haya kwa sababu naamini jina la mbwa linastahili fikra zaidi ya hizo tunazolipa. Jina la mbwa halikai ndani ya nyumba. Hupazwa usiku wa manane anapobwekea kitu gizani, huitwa kwenye shamba la mihogo, na husikika ufukweni mbele ya majirani, wazee na wageni walioshuka botini. Kwa hiyo jina jema ni lile ambalo mbwa hulitambua mara moja, jirani hulisikia bila kuumia moyo, na mtoto akiuliza maana yake hupata jibu lenye kitu cha kujifunza. Jina likikosa mojawapo ya hayo, anayelipa gharama mara nyingi ni mbwa mwenyewe.

Mtazame kwanza, umjue kazi yake

Wampembe ni kata ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Mbele yetu kuna Ziwa Tanganyika, nyuma yetu milima inayopanda kuelekea uwanda wa Ufipa. Mbwa wa hapa hafugwi kwa mapambo. Nyani, ngedere na nguruwe pori hushuka kutoka kwenye miteremko kuja kwenye mahindi na mihogo, na mtu akilala mchana mmoja bila mlinzi anaweza kuamka amepoteza chakula cha mwezi. Usiku wa giza, wanaume wanapokuwa ziwani wakivua dagaa kwa taa, nyumbani hubaki akina mama, wazee, watoto na mbwa. Asubuhi dagaa wakianikwa, kunguru na kuku wanatakiwa kufukuzwa, na mbwa mwenyewe anatakiwa kufundishwa kwamba wale dagaa si wake.

Kwa hiyo usimpe jina siku ile ile anapofika. Mtoto wa mbwa huwa tayari kuachana na mama yake akiwa na wiki saba au nane. Mpe siku chache uone tabia yake. Je, ni mkimya anayetazama kwanza, au hubweka hata jani likianguka? Huwafuata watoto, au hukaa mlangoni? Hukimbilia maji au huyaogopa? Haya yatakusaidia kumpa jina linalomfaa, badala ya kumvisha sifa asiyokuwa nayo.

Kuna jambo moja linalomhusu dume hasa. Anapofikisha miezi sita hadi tisa huanza kubalehe, na hapo harufu ya jike lililo mtaa wa pili humvuta kuliko sahani ya ugali. Atapotea siku mbili, atapigana na madume wengine, atarudi na sikio limepasuka. Ukimwona anaondoka, jina lake ndiyo kamba pekee uliyonayo mkononi. Mbwa aliyelizoea jina lake akiwa mdogo, na aliyezoea kwamba kuitwa ni kupewa kitu kizuri, ana nafasi kubwa ya kugeuka. Dume unayemwita kwa mluzi na mawe hatageuka. Kama hutaki azae, zungumza na afisa mifugo wa kata kuhusu kumhasi, maana dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura.

Jina lisikike

Watu wengi huamini kwamba mbwa hafahamu jina, bali sauti ya bwana wake tu. Sivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichapisha jaribio ambamo mbwa walisikilizishwa majina yao huku nyuma yake kukiwa na sauti za watu wengine wakizungumza. Mbwa walilitofautisha jina lao na majina mengine yenye mapigo yanayofanana, hata pale sauti za nyuma zilipokuwa na nguvu sawa na ya anayeita. Kabla ya hapo, mwaka 2004, dunia ilikuwa imesoma habari za Rico, mbwa dume wa Ujerumani aliyejua majina ya vitu zaidi ya 200 na kuvileta alipotumwa. Mbwa ana sikio la majina. Wajibu wetu ni kumpa jina ambalo sikio hilo linaweza kulishika.

Silabi mbili zinatosha, tatu hazina neno. Jina la silabi nne au tano litakatwa na watoto ndani ya siku moja, na kila mmoja atalikata kwa namna yake, mpaka mbwa awe na majina manne asiitike hata moja. Sauti kali mwanzoni, kama ch, k, t, d na b, husaidia jina kujitokeza kwenye kelele. Kiswahili kimetubariki hapa, kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayoweza kuvutwa mtu anapoita kutoka mbali. Kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu ziwani, jina lisilovutika hupotea kabla halijafika kwenye mitumbwi.

Fanya jaribio rahisi. Simama mlangoni, mtume mtoto asimame mwisho wa shamba, kisha uite jina ulilochagua kwa sauti unayoweza kuitoa ukiwa umechoka. Kama mtoto amelisikia sawasawa bila kuuliza mara ya pili, mbwa pia atalisikia.

Tatizo la Simba liko hapo hapo. Jina lenyewe ni zuri, silabi mbili, lina fahari. Lakini ukiliita ufukweni asubuhi, watageuka mbwa watatu, na huyo unayemtaka huenda akawa wa mwisho kugeuka. Kabla ya kuamua, uliza majirani wa pande zote mbwa wao wanaitwaje.

Lisichanganyike na amri

Hili ndilo kosa linaloharibu mbwa wengi wazuri. Amri tunazotumia ni chache na zinajulikana: kaa, lala, njoo, toka, acha, kamata. Jina likifanana na amri, mbwa huchanganyikiwa, na mwenye mbwa humpiga akidhani ni mkaidi.

Mbwa mweusi huitwa Mkaa. Ukimwita aje, anasikia “kaa”, naye anakaa. Mwingine akapewa jina la Kala, kijiji cha mwambao wetu huu, nalo ni jina tamu, lakini limekaribiana na “lala” na “kaa” kwa wakati mmoja. Jina la hatari kuliko yote ni Kamanda. Limependwa kwa sababu lina heshima ya kijeshi. Sasa fikiria mgeni amesimama uani, nawe unapaza sauti “Kamanda!” ili mbwa arudi, na mbwa aliyefundishwa “kamata” anasikia silabi mbili za kwanza ambazo ni zile zile. Usijaribu bahati hiyo.

Angalia pia majina ya watu wa nyumbani. Mkiwa na kijana Joni, msimwite mbwa Joki. Mkiwa na mbuzi wengi na mnawatajataja kutwa, jina la Mbizi, ingawa ni la milima yetu mizuri iliyo jirani na Sumbawanga, litamsumbua mbwa, kwa kuwa kila “mbuzi” atadhani ni yeye.

Lisimuumize mtu

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta msafiri David Livingstone. Msafara wake ulijaa watu wa Zanzibar, wengi wao Waislamu, na alikuwa na mbwa mlinzi aliyemwita Omar. Omar ni jina la khalifa wa pili wa Uislamu. Mtu aliyepiga kambi na Waislamu usiku na mchana alimwita mbwa wake kwa jina wanalowapa watoto wao kwa heshima. Mbwa huyo alikufa njiani, lakini mfano wake tunaweza kuutumia mpaka leo.

Kwetu Ukatoliki una mizizi mirefu, na mwambao una Waislamu wengi pia. Mbwa asiitwe jina la mtakatifu, la mtume, la khalifa wala la padri aliyewahi kuhudumu kijijini. Asiitwe jina la jirani, la mkwe, wala la mtoto wa mtu, hata kama unalipenda. Wafipa walikuwa na watawala wao walioitwa Mwene, na wapo wazee ambao cheo hicho bado kwao kina uzito. Mbwa anayeitwa Mwene atawakera wazee hao, nawe utaonwa huna adabu.

Usimpe mbwa jina la kabila wala la taifa. Katika mwambao huu wanaishi Wafipa, Walungu na wengine wengi, na zipo familia zilizotoka ng'ambo, Kongo. Mbwa aliyeletwa kwa boti kutoka upande wa pili akaitwa Mkongo, kila anapofukuzwa jikoni kuna mtu anayesikia kabila lake au nchi yake ikifukuzwa. Utani wa makabila una mipaka na una watu wake. Mbwa hana nafasi ndani yake.

Kwa walio na majirani Waislamu wanaoona ugumu kukaribiana na mbwa kwa sababu ya twahara, lipo jina linaloweza kulainisha mambo. Katika Sura ya Al-Kahf inatajwa habari ya vijana waliolala pangoni miaka mingi wakikimbia dhuluma, na mbwa wao alilala kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele. Qurani haikumtaja jina, lakini wafasiri wengi humwita Qitmir. Jirani Mwislamu akisikia jina hilo, anajua umechagua kwa heshima. Muulize kwanza. Ukimuuliza utakuwa umeanza ujirani mwema kabla mbwa hajabweka.

Mbwa asiwe mjumbe wa ugomvi

Desturi ya kumpelekea jirani ujumbe kwa jina la mbwa imeenea sehemu nyingi za Afrika. Mwaka 2004 mtafiti Liveson Tatira aliandika kuhusu Washona wa Zimbabwe, jinsi mtu asiyeweza kumwambia ndugu au jirani neno usoni anavyompa mbwa wake jina linalolisema neno hilo. Huku kwetu pia tunayajua: Wambea, Husuda, Mtanyooka, Roho Mbaya, Utaona. Naelewa inakotoka. Kuishi karibu ni kugumu, na kijembe kwenye kanga au kwenye jina la mbwa huonekana bora kuliko kupigana.

Lakini kanga haiwezi kupewa sumu. Mbwa anaweza. Jirani aliyechomwa na jina hilo mara kumi kwa siku hatamlipa mwenye mbwa. Atamrushia mbwa jiwe, au atamwekea kitu kwenye nyama. Mnyama asiyejua ugomvi wenu ndiye atakayekufa kwa ajili yake. Kama una neno na jirani, mfuate, au mpelekee mzee anayeheshimiwa na nyote wawili, au peleka jambo kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwache mbwa nje ya jambo hilo.

Nitasema wazi zaidi kuhusu majina kama Mchawi, Mwanga, Jini au Uchawi Basi. Mkoa wetu umesemwa mengi kuhusu uchawi, na jina la Sumbawanga hutajwa kwa hofu na watu ambao hawajawahi kufika. Nchi hii imepoteza wazee, hasa akina mama, waliouawa kwa kushukiwa uchawi bila kosa lolote. Mahali ambapo shutuma inaweza kumgharimu mtu uhai, kupaza neno “mchawi” kila jioni karibu na nyumba ya bibi mjane si mchezo. Watoto watacheka, kisha watakua wakiamini. Jina la namna hiyo lisitamkwe uani kwako.

Majina ya ukatili nayo yana madhara yake. Gaidi, Muuaji, Kifo: mwenye mbwa anadhani yatawatisha wezi. Mwizi hamuulizi mbwa jina. Anayetishika ni mtoto wa jirani, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, na mgeni wa kanisani. Siku mbwa huyo akimng'ata mtu hata kwa bahati mbaya, kila atakayesimulia ataanza na jina, na hakuna atakayeamini kwamba ulimlea kwa upole.

Majina yenye maana ya hapa kwetu

Sasa nije kwenye majina ninayopendekeza. Sina maana kwamba kila mbwa wa Rukwa aitwe hivi. Nataka kuonyesha namna ya kutafuta: tazama ziwa, milima, kazi na historia ya mahali ulipo, na utapata majina yenye maana ambayo Bobi na Tomi hayana.

*Kuhe.* Kila mvuvi wa hapa anamjua samaki huyu. Hupatikana Ziwa Tanganyika peke yake, na ni miongoni mwa samaki wakubwa kuliko wote wa ukoo wa sato na perege duniani. Jambo linalonifanya nimweke wa kwanza ni malezi yake: kuhe dume na jike hulinda mayai na vifaranga wao pamoja, wakiwafukuza samaki wengine wanaosogea. Kwa mbwa dume atakayekaa na watoto wa nyumba, sijui jina lenye maana nzuri zaidi. Ni fupi na halifanani na amri yoyote. Herufi h katikati ni laini, kwa hiyo livute mwishoni unapoita: Kuheee.

*Chuma.* Ufipa ilisifika kwa wahunzi wake. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu za udongo, nyingine zikifikia mita tatu, zinazoitwa malungu, na wakafua majembe na silaha zilizotumika mbali na hapa. Mabaki ya tanuri hizo bado yanaonekana uwandani. Mbwa mwenye rangi ya kutu, mgumu, asiyelalamika, anafaa kuitwa Chuma. Sauti ch inapasua upepo. Usimwite Lungu, hata kama tanuri moja huitwa ilungu, kwa sababu Walungu ni majirani zetu.

*Liemba.* Ni jina la zamani la upande huu wa kusini wa ziwa, ambalo Livingstone alilikuta alipofika mwaka 1867. Ni jina pia la meli ambayo kwa miaka mingi ilishusha watu na mizigo Wampembe na vijiji vingine vya mwambao. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mbwa aliyeokotwa akiwa dhaifu, aliyeugua akapona, au aliyepotea akarudi, analistahili jina hilo.

*Kalambo.* Maporomoko ya mto Kalambo, mpakani na Zambia, hudondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Mpe jina hili dume mwenye sauti nzito inayosikika kutoka mbali. Ni silabi tatu, lakini mkazo wa katikati unalifanya liitike vizuri.

*Lindo, Zamu, Doria.* Haya ni majina ya kazi. Lindo linamfaa mbwa wa shamba anayelala na mlinzi wa mahindi. Zamu linamfaa anayebaki nyumbani watu wa ziwani wakiondoka jioni. Doria ni la yule asiyetulia, anayezunguka ua mara kwa mara. Yanaeleweka na kila mtu, hayamgusi mtu, na humkumbusha kijana wa nyumbani kwamba mbwa yuko kazini, asichokozwe.

*Tai.* Wanaovua mchana wanamjua tai mla samaki, mwenye kichwa cheupe, na mlio wake unaofika mbali juu ya maji. Dume mwenye kichwa au kifua cheupe na macho makali anaweza kupewa jina lake. Ni silabi mbili fupi, nalo ni rahisi kwa mtoto mdogo kulitamka.

Zaidi ya haya, keti na wazee. Muulize babu mbwa wa uwindaji wa baba yake waliitwaje kwa Kifipa au Kilungu, na kwa nini. Majina hayo hayakuandikwa popote, na yanaondoka na wenye kuyajua. Ukimpa mbwa wako mojawapo kwa idhini ya mzee, umelihifadhi jina na umempa mzee furaha. Hakikisha tu kwamba halikuwa jina la mtu.

Namna ya kumfundisha jina

Kwanza, nyumba nzima ikubaliane. Jina likishachaguliwa, baba, mama, watoto na kijana wa kazi walitamke kwa namna moja.

Pili, liambatane na kitu kizuri. Kaa naye dakika tano, asubuhi na jioni, kabla hajala. Tamka jina mara moja kwa sauti ya furaha. Akigeuza macho kukutazama, mpe kipande cha ugali au dagaa mmoja aliyekung'utwa mchanga. Asipogeuka, usirudie jina mara kumi, kwa sababu utamfundisha kwamba mwito wa kwanza hauna maana. Piga hatua ukae karibu zaidi, kisha ujaribu tena. Akishaitika ndani ya ua, mhamishie nje ya ua, baadaye shambani, na mwisho ufukweni ambako kuna harufu ya samaki na kelele za watu. Huko ndiko mtihani wenyewe.

Tatu, na hili nawaomba sana: usimwite kwa jina ili umpige. Mbwa akikosa, mkataze kwa neno “acha”. Ukimwita “Chuma!” akaja akapata fimbo, umemfundisha kwamba Chuma ni jina la maumivu, na siku mamba yuko karibu na gati au nyuki wamechafuka, hatakuja.

Nne, kama umempata akiwa mkubwa na ana jina lake, usilikate ghafla. Jina la zamani likiwa halina ubaya, mwachie. Likiwa baya, tamka jipya na la zamani pamoja kwa wiki mbili au tatu, jipya likitangulia, kisha acha la zamani lififie. Mbwa mzima hujifunza jina jipya bila shida, mradi chakula na upole viambatane nalo.

Jina liandikwe kwenye kadi

Nimemtaja Livingstone, na safari yake iliyomfikisha kwenye ziwa letu mwaka 1867 ina habari ya mbwa pia. Alikuwa na mbwa dume mdogo aliyeitwa Chitane. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, Chitane alikuwa na ujasiri kuliko mbwa mia wa vijijini. Alikimbia kutoka mbele ya msafara hadi nyuma akihakikisha hakuna aliyebaki, na kibanda alicholala bwana wake hakuna mbwa mgeni aliyekisogelea. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakavuka kinamasi kirefu kwa miguu. Livingstone alisahau kumwagiza mtu ambebe mbwa. Chitane aliogelea katikati ya miguu ya watu mpaka akachoka, akafa maji. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko; Chitane hakuuona. Alikuwa na jina, alikuwa na sifa, na bwana wake alimpenda. Alichokosa ni mtu mmoja aliyepewa jukumu lake saa ile.

Ndiyo maana nasema jina ni mwanzo wa wajibu. Siku unayompa mbwa jina, mtaje na mtu wa nyumbani anayewajibika kwa chakula chake, maji yake na matibabu yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai mwenye mnyama matunzo hayo, lakini kabla ya sheria kuna utu.

Na kuna kadi. Mbwa anapofikisha miezi mitatu apelekwe kwa afisa mifugo akachanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Jina lake liandikwe kwenye kadi pamoja na rangi, jinsia na jina la mwenye mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa ndiyo ngao, na mahali penye asilimia 70 ya mbwa waliochanjwa ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na mara nyingi kampeni za chanjo hufanyika karibu na tarehe hiyo, kwa hiyo ulizia mapema ofisi ya kata. Kwetu safari ya Namanyere, makao makuu ya wilaya, ni ndefu na ya milima, hivyo majirani wakijiorodhesha pamoja, mtaalamu ana sababu nzuri ya kushuka.

Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, hata mwenye jina zuri, kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Watoa huduma watauliza ni mbwa wa nani na kama amechanjwa. Mbwa mwenye jina, mwenyewe na kadi, jibu lake hupatikana kwa saa moja. Mbwa asiyejulikana huacha familia nzima katika hofu.

Ndugu msomaji, kama una mbwa dume mdogo ambaye bado anaitwa “wewe” au “kambwa kale”, ketini jioni hii baba, mama, babu na watoto, mchague jina moja. Liiteni mkiwa mlangoni, msikie kama linafika. Mtajeni jirani atakayelisikia kila siku, mjiulize kama litamkera. Kisha nendeni kwa afisa mifugo likaandikwe kwenye kadi ya chanjo. Mbwa atailinda nyumba yenu kwa miaka mingi bila mshahara. Jina la heshima na sindano moja kwa mwaka ni deni dogo mno la kumlipa.